Mjomba anataka nimtengenezee mashine ya umeme wa kisogoni

Wiki kama tatu zilizopita nipo zangu dukani Kariakoo nahangaika na simu iliyotumbukia kwenye supu ya pweza, mjomba akanipigia. Kabla sijamaliza shikamoo akanikatisha, "Mjomba, wewe si fundi umeme?" Nikamwambia mjomba mimi fundi simu, umeme wa nyumba sijui zaidi ya kubadilisha globu. "Umeme ni umeme bwana. Nimekutumia kitu WhatsApp, kiangalie alafu uniambie hiyo mashine unaiweza au huiwezi."

Nikafungua. Video ya dakika moja na kitu, mzungu mtu mzima kakaa kwenye kiti, kafungwa mkanda wa mpira kichwani, huku nyuma kisogoni kabanwa sponji iliyolowa, waya mmoja unatoka hapo na mwingine unatoka mgongoni, zote zinaingia kwenye kiboksi ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Mwanzo wa video jamaa anatembea kaachanisha miguu anayumba, mwisho wa video anatembea bado anayumba ila kidogo. Maelezo hamna, muziki tu, mwanzo wa huzuni mwisho wa furaha. Ndo hicho kiboksi mjomba anachokitaka.

Ngoja niwaambie mjomba ni nani ili muelewe kwanini sikumkatalia palepale.

Mjomba ni fundi cherehani, Tandika, zaidi ya miaka 30 kwenye kazi. Kanzu, suti za harusi, sare za shule mwezi wa kwanza ndo usiseme. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano huku anapiga stori na wewe, hata haiangalii hiyo sindano. Miaka kama sita iliyopita vitu vikaanza kidogo kidogo. Msikitini akiinuka kutoka sijida anapepesuka, kwenye safu anamwegemea wa pembeni, mpaka wenzake wakawa wanamwachia nafasi ya ukutani bila kusema kitu. Alafu mikono. Anataka kushika kikombe, mkono unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena. Suruali za wateja zikaanza kutoka mguu mmoja mrefu. Alafu ulimi, maneno yakawa yanatoka mazito yamevutika, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Siku moja kituoni konda kamzuia mlangoni, "mzee umelewa, panda ya nyuma." Mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Akarudi nyumbani kwa miguu, umbali ule, anayumba njia nzima, na kila anayempita anamwangalia kwa lile jicho. Hiyo siku ndo alimwambia mama yangu kwamba sasa ana tatizo. Kabla ya hapo ilikuwa "uchovu tu".

Mtaani wakaamua ni jini. Akasomewa, akanywa kombe, akafukizwa, mimi mwenyewe nimewahi kutumwa ubani. Sisemi kwa kubeza, mtu ukihangaika unagonga kila mlango. Ila karibu miaka miwili ikapita hivyo. Mwisho tukampeleka kwa daktari wa neva, akaulizwa kama anakunywa pombe (TENA, mjomba alitaka kuondoka), akapimwa damu, vitamini B12, tezi ya shingo, maana kumbe kuna kuyumba kunakoletwa na vitu vinavyotibika na inabidi hivyo viondolewe kwanza kwenye orodha. Alafu kipimo cha MRI, laki kadhaa tukachangishana kwenye grupu la familia. Daktari akatuonyesha picha, sehemu ya nyuma ya ubongo imesinyaa, kuna nafasi nyeusi pale ambapo inatakiwa kuwe kumejaa. Akasema ugonjwa unaitwa ataksia, kwa mjomba inaonekana ni ya jeni. Mama mdogo akashtuka, "si niliwaambia ni jini!" Daktari ikabidi arudie mara tatu, je-ni, je-ni.

Kuhusu hiyo jeni ntasema kidogo tu maana inaninyima usingizi. Hizi ataksia za kurithi nyingi zikiwa za kundi lile la kuanzia ukubwani, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Babu, baba yake mjomba na mama, alikuwa anatembea anashika kuta, tukasema uzee. Mama ana miaka 66 na uzi bado anatunga, kwahiyo nadhani shilingi yake iliangukia pazuri. Nadhani. Sasa hivi nikifunga duka usiku huwa natembea juu ya mstari wa marumaru, kisigino mbele ya kidole, alafu nagusa pua kwa kidole nimefumba macho. Mlinzi wa jengo alishanikuta nafanya hivyo, hatukuongea.

Haya turudi kisogoni. Hiyo sehemu iliyosinyaa wataalamu wanaiita serebelamu, ubongo mdogo kwa tafsiri ya harakaharaka. Kwa ukubwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, ila seli za neva zilizomo humo ni balaa. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil walihesabu ubongo wa binadamu wakapata kama seli bilioni 86, na kati ya hizo bilioni 69 zimejazana huko kisogoni. Sisi tunaosema tunaishi Bongo kwa sababu mjini hapa unakula kwa akili, kumbe bongo yenyewe kubwa ipo nyuma tunakoegemeza mto.

Kazi yake nilivyoielewa mimi: dereva ni ubongo wa mbele, yeye ndo anakanyaga mafuta. Serebelamu ni konda. Haendeshi, ila anaona pembeni, anaona nyuma, na akitaka gari lisimame anapiga kofi bodi. Humo ndani kuna seli kubwa zenye matawi kama mti, zinaitwa za Purkinje, kwa jina la mtafiti wa Kicheki aliyezieleza mwaka 1837, na ujumbe wanaotuma hizi seli siku zote ni mmoja tu, punguza. Ni makofi ya konda. Sasa kwenye ataksia nyingi seli hizi ndo zinazokufa taratibu. Dereva yupo, injini ipo, misuli ya mjomba haina shida yoyote, ukimpa mkono anakubana vizuri tu, ila hamna wa kupiga bodi kwa wakati kwahiyo gari linapitiliza kituo. Mkono unapitiliza kikombe. Nilivyomwelezea hivi mjomba alicheka akasema basi yule konda wa siku ile ndo Mungu alimtuma kunionyesha.

Sasa umeme unaingiaje. Wazo lenyewe la zamani mno. Tabibu wa Kirumi Scribonius Largus, karne ya kwanza huko, aliandika kwamba mtu mwenye kichwa kinachouma awekewe samaki taa kichwani, wale taa wenye umeme. (Mjomba: "basi si uende Feri." Nikamwambia samaki wa soko la Feri wameshakufa, umeme wao umeisha, alafu sio wote wana umeme. Akasema mimi siku zote natafuta sababu.)

Za siku hizi ziko njia mbili kubwa na zote hazipasui kichwa. Ya kwanza ni ya sumaku, wanaiita TMS kwa kifupi. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapiga mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno chini ya sekunde moja ya elfu, sumaku ikapenya fuvu na huko ndani ikazaa umeme, kidole cha mtu kikaruka chenyewe. Fundi yeyote anaijua hii, ni Faraday wa 1831, ndo transfoma hiyohiyo, sema koili yake ya pili, ile inayopokea umeme, ni ubongo wako. Inataka kapasita kubwa, mkondo wa maelfu ya ampea, inapiga mlio kama kofi mpaka unavaa vizibo vya masikio. Hiyo hata mjomba alielewa kwamba sio ya kutengeneza Kariakoo. Marekani waliiruhusu kwa matibabu ya sonona mwaka 2008, ila kwa ataksia bado ni mambo ya utafiti. Wajapani mwaka 2002 walitoa ripoti ya wagonjwa 74 waliopigwa hizo sumaku kisogoni siku 21 mfululizo, wengine za kweli wengine za uongo za kulinganishia tu, na waliopata za kweli wakaboreka kusimama na kutembea. Unaweza kudhani baada ya hapo dunia nzima ingekimbilia, ila haikuwa hivyo, na sababu ntaifikia.

Ya pili ndo ya kiboksi. tDCS. Umeme mnyoofu kama wa betri, unaingilia sponji moja unatokea nyingine, na ni mdogo mpaka unachekesha. Miliampea 2 hivi, dakika 20. Chaja yako ya simu ya ampea 2 ni mara elfu moja ya hiyo. Taa ndogo ya LED inakula kama 20. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, mwaka 2000 ndo walioonyesha kwamba huu umeme kiduchu unabadilisha wepesi wa ubongo kuitika, na mabadiliko yanabaki kwa muda hata ukishazima. Tofauti na sumaku, huu haulazimishi seli kufyatuka. Unaisogeza tu karibu na kufyatuka, kama kumsogeza mtu ukingoni mwa kiti ili akiitwa ainuke haraka. Na sehemu kubwa ya umeme hata haifiki, inapita juujuu kwenye ngozi na nyama za shingo.

Waliofanya kazi kubwa kwa ataksia ni Waitaliano wa Brescia, Alberto Benussi na Barbara Borroni na wenzao. Nadhani ile video inatoka kwenye njia yao au walioiga, maana ndo wao wanaoweka sponji moja kisogoni na nyingine mgongoni kwa chini. Mwaka 2018 walitoa ya wagonjwa 20, siku tano kwa wiki kwa wiki mbili, na nafuu ilionekana mpaka miezi mitatu baadaye. Mwaka 2021 wakaja na wagonjwa 61, tena wakapima mpaka mambo ya kufikiri sio kutembea tu, matokeo yakawa mazuri kuliko ya mashine ya uongo. Nilivyosoma hapo nikasema kumbe mjomba hajakosea.

Alafu nikakutana na Waholanzi. Nijmegen, Roderick Maas na wenzake, 2022, wagonjwa 20 wote aina moja tu ya ataksia, ile inayoitwa aina ya 3, vipindi kumi ndani ya wiki mbili. Baada ya wiki mbili wakapima alama, waliopata umeme wa kweli na waliopata wa uongo hamna tofauti ya maana.

Alama zenyewe zinaitwa SARA, mwanzo nilidhani ni nesi. Kumbe ni skeli, sifuri mpaka 40, vipengele nane, kutembea, kusimama, kukaa, kuongea, kufuata kidole, kugusa pua, kugeuza viganja harakaharaka, kushusha kisigino juu ya mfupa wa mguu. Sifuri ndo mzima. Mtu wa aina ya 3 anapanda kama pointi moja na nusu kwa mwaka kwa wastani. Sasa piga hesabu, ugonjwa unaenda pole hivyo, mtu huyohuyo akipimwa asubuhi kalala vizuri na akipimwa jioni katoka kwenye foleni ya Mbagala alama zinaweza kucheza zenyewe. Ukichukua watu 20 wenye aina mchanganyiko, mwingine seli zimebaki nyingi mwingine zimebaki kidogo, sponji huyu imekaa sawa yule imeteleza, lazima utapata majibu yanayogombana. Na pia swali ambalo mimi kama fundi liliniganda: kama seli zimekufa, huo umeme unamsogeza nani ukingoni mwa kiti?

Hiyo mashine ya uongo nayo niieleze maana niliipenda. Inakuwa na sponji zilezile, mkanda uleule, wanaiwasha kweli, kichwa kinawasha kama mchwa wanatembea, baada ya sekunde 30 hivi wanaizima polepole. Mtu ngozi imeshazoea hajui kama imezimwa. Hata anayekupima hajui. Mimi nadhani kila fundi Kariakoo angefungiwa mwezi mmoja afanye kazi kwa mtindo huu tungeheshimiana. Mteja analeta simu "inastaki", unaifungua unapuliza vumbi, unamrudishia, anakwambia fundi sasa hivi inakimbia! Haikimbii chochote. Na kuna ile nyingine mbaya zaidi, simu imekufa, unaipiga bloa ya hewa ya moto, aisii (kile kichipu cheusi cha kwenye bodi) ikapata joto, inawaka, mteja anafurahi analipa, baada ya siku kumi amerudi ananitukana. Kuwaka sio kupona. Nimeshatukanwa sana mpaka nimeielewa hiyo, kwahiyo nikiona video ya dakika moja mtu anatembea vizuri nauliza baada ya siku kumi je.

Lakini nakiri, niliitengeneza.

Yani nilishindwa kujizuia. Kwenye karatasi ni saketi ya kijinga, aisii ya kushikilia mkondo, rezista, swichi, betri. Nikaweka mezani, na badala ya kichwa cha mjomba nikaweka rezista ya kiloomu 5, kile kipande kinachokinza umeme. Hapo ndo nikagundua la kwanza. Miliampea 2 kupita kwenye kiloomu 5 inataka volti 10, betri ya volti 9 haitoshi. Sponji ikianza kukauka ukinzani unapanda, ukifika kiloomu 10 inataka volti 20, kwahiyo unapandisha volti, na ukipandisha volti alafu aisii yako ya buku mbili ikafeli, zile volti zote zinaenda kwa mtu. Mashine za hospitali zina ulinzi wa hayo yote, zinapima ukinzani muda wote, zinapandisha polepole, zikiona sponji imekauka zinajizima. Yangu ilikuwa na swichi na dua.

La pili nililigundua kwenye mkono wangu wa kushoto. Nilijifunga, maji ya chumvi kwenye sponji mbili nilizokata kwenye sponji ya kuoshea vyombo, nikawasha. Inawasha kidogo kweli kama wanavyosema. Simu ikaita, mteja, nikaongea naye weee, joto la Dar mnalijua, feni inapuliza, sponji upande mmoja ikakauka na umeme wote ukajibana kwenye kijisehemu kimoja. Niliposikia inauma kulikuwa na kidoti chekundu, baadaye kikawa cheusi, sasa hivi ni kikovu ukubwa wa punje ya dengu. Miliampea 2! Nikakiangalia kile kikovu nikafikiria kisogo cha mjomba, nikafungua kila kitu nikarudisha aisii kwenye kopo lake.

Na hapo bado sijagusa suala la chanya na hasi, kwamba ukigeuza waya umeme unasukuma kinyume, na bado mtu mwenye chuma kichwani au kifaa cha moyo au kifafa anatakiwa aulizwe kwanza na mtu anayejua anachouliza. Najua kuna jamaa wanauza mikanda ya kichwa kwenye status, "inatibu stroke, Parkinson, kisukari na nguvu za kiume". Mteja aliniletea mmoja umezima. Ndani kulikuwa na mota ya vaibresheni ya simu na taa mbili za buluu. Angalau ule hauwezi kumuunguza mtu.

Jumapili nikaenda Tandika. Mjomba kakaa barazani, mke wake kaleta chai ya tangawizi na kikombe cha mjomba kile chenye mfuniko. Nikamwonyesha kovu. Nikamweleza Waitaliano, nikamweleza Waholanzi, nikamweleza ya uongo ya sekunde 30. Alisikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza taratibu maana siku hizi anapanga maneno kabla ya kuyatoa, "Hao waliowekewa ya uongo, hakuna aliyejisikia nafuu?" Nikamwambia kwenye tafiti nyingi za namna hii wapo, nafuu kidogo kwa muda. Akasema, "Basi mjomba nitengenezee hiyo ya uongo. Si rahisi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, yani kiufundi hiyo ningeiweza kwa nusu saa.

Ilibidi nitafute cha kumpa. Nikampigia yule daktari, mtu mwema sana anapokea simu, akasema umeme asubiri, siku ukiwa tayari utakuja na masharti yake na wataalamu wake, na hata hao Waitaliano hawasemi unaponya, wanasema unapunguza. Vidonge kwa aina ya mjomba hamna, kuna dawa moja Marekani waliipitisha mwaka 2023 ila ni ya ataksia ya Friedreich, ile inayoanza utotoni au ujanani, sio hii. Akaniuliza swali moja, "Mazoezi anafanya?" Nikajifanya mtandao unakatika.

Maana alishatuambia. Siku ileile ya MRI alituandikia fiziotherapia, sisi tukasikia "mazoezi" tukaona ni kama kuambiwa kunywa maji mengi. Mjomba alienda mara mbili akaacha, nauli, bajaji kwenda na kurudi, alafu aibu. Nikaenda kusoma na hiyo. Wajerumani mwaka 2009, Winfried Ilg na wenzake, wagonjwa 16, wiki nne za mazoezi ya kujibalansi na kuratibu viungo, saa moja mara tatu kwa wiki, na alama za SARA zilishuka kwa pointi kadhaa, yani zaidi ya kile ambacho ugonjwa unakula kwa mwaka. Wajapani nao mwaka 2012 na wagonjwa 42, nafuu hivyohivyo, japo ukiacha inapotea taratibu. Nilikasirika kidogo nilivyosoma hivyo. Miaka yote tunachanga hela za ubani na MRI na mimi naunguza mkono, kumbe cha kwanza kwenye orodha kilikuwa ni kutembea. Ubongo wa kisogoni hata ukiwa mbovu bado unaweza kujifunza, ila unajifunza kwa kurudia sana tena vitu vigumu kidogo, sio kuzunguka uwanja.

Na hao wa umeme pia wengi sasa wanaelekea huko, umeme wakati mtu anafanya mazoezi, ili kile kinachofundishwa kishike zaidi. Kwahiyo hata mashine ikija kesho, mazoezi hayakwepeki.

Fiziotherapia amerudi, kila Alhamisi, mimi nalipa bajaji. Na nyumbani ana yake. Alichukua chaki ya fundi, ile ya kuchorea vitambaa, akamwambia mtoto wa mpangaji amchoree mstari ulionyooka kwenye korido kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Asubuhi baada ya alfajiri na jioni anautembea, kisigino mbele ya kidole, mkono mmoja ukutani, akipata nguvu anautoa ukutani. Juzi nimemkuta. Watoto wa nyumba nzima wamejipanga nyuma yake kama foleni ya maji, wanaufuata mstari na wao, wa mwisho ana miaka kama minne hivi, anaangalia pembeni anakula embe.

Yule mdogo akakanyaga nje ya mstari, akapepesuka, embe likaanguka. Mjomba akasimama, akashika ukuta, akageuka polepole akamwangalia.

"Wewe," akasema, "umelewa?"